Tundu la Milimita 84

Injini ya petroli haifi kwa siku moja. Huanza kwa kunywa oili. Dereva anaongeza nusu lita kila anapojaza tangi, halafu lita nzima, halafu anaanza kutembea na galoni ya oili kwenye buti. Asubuhi moshi wa bluu unajaa uani kabla gari halijatoka getini. Mlima uliokuwa ukipandwa kwa gia ya tatu sasa unadai ya pili. Ukichomoa kijiti cha kupimia oili huku injini inanguruma, pumzi inatoka kwenye tundu lake, kwa sababu nguvu ya mlipuko iliyopaswa kuisukuma pistoni inapenya pembeni na kushuka chini. Mafundi wana neno lao kwa hali hiyo: injini imechoka.

Kinachokuwa kimepotea hapo ni chuma kidogo sana. Katika silinda yenye upana wa milimita 84, sehemu iliyolika inaweza isifike hata unene wa ukucha. Lakini uwezo wa kuurudisha unene huo wa ukucha ndio ulioamua, kwa miaka mingi, ni gari gani litaendelea kutembea Afrika Mashariki na lipi litageuka kuwa banda la kuku. Nimeitaja milimita 84 kwa sababu huo ndio ulikuwa upana wa silinda ya Peugeot 404, na sioni gari jingine ambalo kisa hiki kinasimulika kwalo vizuri kama hilo.

404 lilitoka mwaka 1960 katika kiwanda cha Sochaux, mashariki mwa Ufaransa. Umbo lilichorwa na Pininfarina wa Italia, likapewa mapezi nyuma kama magari ya Marekani ya wakati ule, ila kwa adabu zaidi. Chini ya boneti kulikuwa na injini ya silinda 4, ujazo wa sentimita 1,618, imelazwa upande kwa nyuzi 45. Ufaransa lilikuwa gari la familia na la teksi. Huku kwetu lilipata jina kwenye mashindano ya Safari, likayashinda mara 4: mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1966 na 1967 dereva alikuwa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, pamoja na mwenzake Chris Rothwell. Mwaka 1963 na tena 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu; mengine yalibaki njiani. Miaka yote miwili la kwanza kati ya hayo 7 lilikuwa 404, Nick Nowicki akiwa kwenye usukani. Tangazo gani la biashara lingeweza kuzidi hilo? Mkulima wa kahawa wa Moshi aliliona, mwenye duka wa Kisii aliliona, na mkuu wa idara aliyekuwa akisubiri gari la serikali aliliona pia.

Hata hivyo Safari inaeleza kwa nini watu walilinunua gari hilo. Haielezi kwa nini liliishi.

Katika magari mengi ya wakati ule, hasa ya Kiingereza, tundu la silinda lilichimbwa moja kwa moja ndani ya bloki. Likilika, bloki nzima ilibebwa ikapelekwa kwenye mashine, tundu likachimbwa mpaka liwe duara tena, kisha zikatiwa pistoni kubwa zaidi. Saizi zilijulikana: 20, 40, 60, yaani sehemu za elfu za inchi. Ishirini ni nusu milimita. Mwenye kiwanda alikuwa amekubakizia unene wa ukuta wa kutosha matengenezo 3 hivi, na baada ya 60 bloki ilivalishwa bomba jipya au ikatupwa. Ni kitabu cha benki ambacho fedha zinatoka tu, haziingii. Kwa mnunuzi wa gari kuukuu la aina hiyo, swali la maana halikuwa limetembea maili ngapi. Swali lilikuwa: limefika ngapi? Jibu aliweza kulipata aliyefungua hedi, maana saizi hugongwa kwa namba juu ya kichwa cha pistoni.

Peugeot walikuwa na njia nyingine. Tangu gari lao la 203 la mwaka 1948, bloki ilikuwa kama kasha la maji. Ndani yake ziliteremshwa bomba 4 za chuma cha kusubu, na maji ya kupoza injini yakazizunguka na kuzigusa moja kwa moja. Mafundi huziita laina. Laina ikilika, bloki haiendi popote. Unafungua hedi, unashusha sampu, unaigonga laina kutoka chini kwa kipande cha mti, inatoka. Unakwangua kutu kwenye kikalio chake, unaweka gasketi mpya nyembamba, unateremsha laina mpya iliyokuja ndani ya boksi pamoja na pistoni yake, pini yake na ringi zake. Hakuna kuchimba. Hakuna kupakia bloki juu ya basi kuipeleka mjini. Injini imerudi kuwa kama ilivyotoka kiwandani, wala si 20 wala 40, na miaka ijayo ikichoka tena itarudishwa tena.

Kazi hiyo inafanyika chini ya mwembe, na imefanyika hivyo mara nyingi. Inadai spana, jeki, mti wa kugongea, na uangalifu mahali pawili. Kwanza, laina ikishakaa lazima mdomo wake uchomoze juu ya uso wa bloki kwa kiasi cha unywele. Fundi anaweka rula ya chuma juu yake na kupenyeza fila geji. Laina ikiwa imezama, gasketi ya hedi haiwezi kuibana. Maji yatashuka kwenye oili, na baada ya siku mbili kijiti kitatoka na kitu kinachofanana na chai ya maziwa. Pili, hedi ikishafunguliwa krenki haizungushwi mpaka laina zimebanwa kwa nati na washa kubwa, maana pistoni ikipanda inaibeba laina na kuichana gasketi ya chini. Kwa makosa hayo mawili injini iliyofanyiwa ovaholi juzi inaweza kufa kabla mwenye gari hajamaliza kulipa deni la spea.

Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka mtu aulize nani alikuwa na mashine ya kuchimbia. Hapo inabidi kurudi kwenye reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza waliwaleta Wahindi wapatao 32,000 kujenga Reli ya Uganda. Wengi walirudi kwao. Waliobaki, na wale waliowafuata baadaye, walikuwamo wahunzi, maseremala na mafundi mitambo wa Kipunjabi, na baadhi ya jamaa zao ndio waliofungua karakana mijini. Katika Kiswahili cha mtaani kalasinga alijulikana kwa ufundi wake kabla hajajulikana kwa dini yake. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alianza kama fundi kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant waliishinda Safari kwa Volvo PV544 ambalo kiwanda kilikuwa kimekwisha kulitumia katika mashindano. Magazeti yalimpa majina ya kishujaa. Mimi ninachokikumbuka zaidi ni kwamba gari la mitumba, mikononi mwa mtu aliyejua kilichomo ndani yake, liliwaacha nyuma wenye magari mapya.

Ujuzi huo ulikaa nyuma ya kaunta. Kenneth King, katika kitabu chake The African Artisan cha mwaka 1977, aliwafuata mafundi wa Kenya na kuonyesha jinsi wengi walivyoupata ufundi wao kwa kufanya kazi chini ya Wahindi, bila darasa wala cheti, kwa kuangalia. Kijana aliingia kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Alishika taa. Alikaza nati alizoelekezwa. Maikromita ilikuwa ya mwenye gereji, na mashine ya kuchimbia ilikuwa ya bei ambayo kijana huyo asingeikusanya maisha yake yote. Mafundi waliotoka na kujitegemea walitoka na spana na kumbukumbu. Kwa Land Rover au Bedford walifika mahali fulani katika kazi wakakwama, wakalazimika kurudi kwa mwenye mashine na bloki begani. Kwa Peugeot hawakulazimika.

Ndiyo maana naona laina ya Peugeot ilikuwa zaidi ya mbinu ya kihandisi. Ilimpa fundi asiye na mtaji uwezo wa kufanya ovaholi kamili. Mtu mwenye sanduku la spana na jirani mwenye mwembe aliweza kuitwa fundi wa injini.

Ila kulikuwa na bei yake, na bei hiyo haikuonekana mara moja. Angalia kilichotokea kwenye beringi za krenki. Kabla ya miaka ya 1930 beringi za injini nyingi zilimiminwa kwa metali nyeupe, mchanganyiko wa bati, antimoni na shaba ambao asili yake ni hataza ya Mmarekani Isaac Babbitt ya mwaka 1839. Fundi aliyeyusha, akamimina, ikapoa, akaikwangua kwa mkono mpaka krenki ikakaa. Beringi ikichoka, metali ileile iliyeyushwa tena. Kilichotakiwa kilikuwa moto na jicho. Kisha zikaja beringi nyembamba za kununua, nusu duara mbili ndani ya boksi, zimeandikwa saizi. Zilikuwa bora, hilo halina ubishi: zilidumu, zilivumilia mwendo mkali, na zilifungwa kwa dakika chache. Lakini kazi iliyokuwa ndani ya mkono wa fundi ilihamia ndani ya boksi, na boksi linatoka ng'ambo, na ng'ambo hawapokei shilingi.

Laina ilikuwa mkataba wa namna hiyohiyo. Ilimkomboa fundi kutoka kwa mwenye mashine, ikamkabidhi kwa mwenye boksi. Madhali boksi linafika, hakuna aliyehisi kamba shingoni.

Kamba ilianza kukaza mwaka 1973 na 1974, bei ya mafuta ilipopanda karibu mara 4. Tanzania ilikuwa imekwisha kuiweka biashara ya kuingiza bidhaa mikononi mwa mashirika ya umma. Magari na spea vilikuwa na shirika lake, na shirika lilipanga foleni Benki Kuu kuomba fedha za kigeni pamoja na waombao dawa, ngano na mashine za viwanda. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera. Vita vilivyofuata vinakadiriwa kuigharimu nchi zaidi ya dola milioni 500, na Mwalimu Nyerere akawaambia wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi 18 ikapita. Mkanda haukulegea, kwa sababu mwaka 1979 mafuta yalipanda tena na bei za mazao tunayouza nje zikaenda upande mwingine. Kuna miaka ambapo Jumapili kuanzia saa 8 mchana gari la mtu binafsi halikuruhusiwa barabarani bila kibali. Waliokuwa watoto wakati huo wanakumbuka walivyocheza mpira katikati ya lami.

Nyuma ya ofisi za serikali magari yalisimama juu ya mawe. Tuseme ukweli, si yote yalisimama kwa umaskini. Gari lililowekwa juu ya mawe lilikuwa pia ghala la wajanja, leo kabureta, kesho dainamo. Lakini mengi yalisimama kwa kukosa kitu kimoja ambacho bei yake ng'ambo isingezidi chakula cha wiki: seti ya laina na pistoni. Mpakani, upande wa pili, kitu hicho kilikuwapo. Kenya iliendelea kuunganisha 404 hadi mwaka 1991, miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha mwaka 1975. Tangu Rais Kenyatta alipozifungulia njia matatu mwaka 1973, pikapu za 404 zilizofunikwa turubai au bati zilibeba watu vijijini, na stesheni wageni zenye viti vya safu 3 zikaenda mbio kati ya Nairobi, Nakuru na Kisumu hadi jina Peugeot likawa jina la usafiri wenyewe. Nairobi, katika Barabara ya Kirinyaga ambayo wazee wa pale bado wanaiita Grogan, maduka ya spea yalipangana ukuta kwa ukuta. Kutoka Arusha ni safari isiyozidi siku moja. Kwa sheria, ilikuwa nchi ya mbali kuliko Ufaransa.

Kwa hiyo seti zilipita njia za panya. Sina hesabu za magendo, na anayedai kuwa nazo namtilia shaka. Lakini pistoni 4 na laina 4 zinaenea kwenye gunia moja, chini ya vitunguu.

Ambao hawakupata gunia walirudi kwenye mkono na jicho. Hapa ndipo ufundi ninaoupenda zaidi katika historia hii, na ni ufundi wa kupima zaidi kuliko wa kugonga. Bila maikromita, utajuaje silinda imelika kiasi gani? Fundi alichukua ringi, akaiingiza ndani ya laina, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa. Ringi ina pengo mahali ncha zake zinapokutana. Akapima pengo hilo kwa fila geji kule chini kabisa, ambako ringi haifiki na chuma hakijalika. Akaisogeza juu, mahali palipolika zaidi, akapima tena. Upana wa silinda ukiongezeka kidogo, pengo la ringi hufunguka mara 3 na ushee ya nyongeza hiyo. Ni ileile hesabu ya duara tuliyofundishwa shuleni tukadhani haina kazi. Tofauti ya mapengo, gawanya kwa 3, ndicho chuma kilichopotea. Maikromita ya shilingi sifuri.

Kipimo kikishapatikana, uamuzi. Silinda hailiki sawasawa pande zote: pistoni huegemea pande mbili, kushoto na kulia mwa mwendo wa konrodi, na laina hulika huko zaidi mpaka inakuwa na umbo la yai. Katika bloki iliyochimbwa huna la kufanya. Laina ya Peugeot inachomoka, kwa hiyo fundi aliichomoa, akaizungusha robo duara, akairudisha. Upande uliolika sasa ukakaa mahali pasipo na msuguano mkubwa, na upande mzima ukapokea kazi. Silinda haikuwa mpya, ila gari lilipata muda mwingine wa kutembea. Kiwanda kiliibuni laina ili itupwe na kununuliwa nyingine. Fundi asiye na cha kununua aliisoma tofauti.

Kabla ya ringi mpya ilibidi kukwangua kingo iliyojitokeza juu ya laina, pale ringi ya juu inapoishia. Ukiiacha, ringi mpya yenye kona kali itaigonga na kuvunjika. Hedi ya alumini iliyopinda kwa joto ilinyooshwa kwa kusuguliwa juu ya kioo cha dirisha kilichobandikwa msasa, saa nzima, mikono miwili, huku fundi akiitazama inavyong'aa pembeni na kubaki na kivuli katikati. Gasketi za sampu na za pampu ya maji zilikatwa kwa makasha ya karatasi ngumu: unalaza karatasi juu ya chuma, unagonga kingo kwa nyundo ndogo, chuma chenyewe kinaikata. Valvu zilisagwa kwa mkono. Hayo yote yalikuwa kazi halali. Kisha kulikuwa na ule mchezo wa kuweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara nyuma ya beringi iliyolegea ili ikaze. Mchezo huo unanyamazisha kelele ya krenki kwa muda wa kutosha gari kuuzwa. Siuhesabu katika ufundi.

Peugeot wenyewe, bila kukusudia, waliacha mlango mwingine wazi. Walipotoa 504 mwaka 1968, injini yake ya kwanza ya ujazo wa 1,796 ilirefushwa mwendo wa pistoni kutoka milimita 73 hadi 81, lakini tundu lilibaki 84. Baadaye waliipanua hadi 88 kupata ujazo wa 1,971. Tundu likibaki lilelile, fundi ana mahali pa kuanzia kubahatisha: ringi ya huyu itaingia kwa yule? Anapima unene wa ringi dhidi ya mfereji wa pistoni, anatikisa kichwa, anajaribu nyingine. Pale 504 za serikali zilipokuwa zinavunjwa, wenye 404 walisogea karibu.

Mwaka 1983 mambo mawili yalikuja kwa pamoja, na yote mawili yalimgusa fundi huyu ambaye hakuna aliyekuwa amemfikiria. La kwanza lilikuwa vita dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Wenye bidhaa walizitupa porini na baharini usiku ili wasikutwe nazo. Wapo walanguzi wa kweli waliokamatwa, na wananchi wengi walishangilia, nami sioni aibu ya kushangilia huko. Sabuni ilikuwa imeadimika mno. Lakini sheria iliyotafuta mali iliyofichwa ilikuwa na kazi ngumu ya kuitofautisha na mali iliyotunzwa. Seti ya pistoni uvunguni mwa kitanda ilikuwa nini? Akiba ya fundi anayemngoja mteja, au bidhaa adimu isiyo na risiti? La pili lilikuwa Sheria ya Nguvukazi ya mwaka huohuo, iliyomtaka kila mtu mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika na aweze kuthibitisha. Fundi wa chini ya mwembe hakuwa na mwajiri, leseni wala ofisi. Akiwa na spea alikaribia kuitwa mhujumu. Akiwa hana alikaribia kuitwa mzururaji.

Na bado magari yaliyobeba watu kazini yalitengenezwa na mtu huyo. Mabasi ya UDA hayakutosha jijini, na mwaka huohuo wa 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi, yale yaliyokuwa tayari yakiitwa daladala. Yalikuwa makuukuu karibu yote. Kwa hiyo serikali iliyomwuliza fundi cheti cha kazi asubuhi ilihitaji injini zake jioni.

Mpaka wa Kenya ulifunguliwa Novemba 1983. Bajeti ya mwaka 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa fedha hizo walizipata wapi, ruhusa ambayo miaka miwili kabla ingeonekana kama kichekesho. Pikapu zilishuka bandarini, na spea zikatoka uvunguni zikapanda kwenye rafu. Mwaka 1986 shilingi ikashushwa kutoka 17 hadi 40 kwa dola moja. Seti ambayo jana ilikuwa haipatikani, leo ilikuwapo dukani, na bei yake ilimfanya mwenye teksi aulize mara mbili. Uhaba ulikuwa umebadilisha sura tu: kwanza kitu hakikuwapo, sasa kilikuwapo kwa wengine. Kwenye gereji nadhani tofauti haikuwa kubwa kama vitabu vya uchumi vinavyosema. Laina ziliendelea kuzungushwa robo duara.

Kilichoiondoa Peugeot ni meli kutoka Japani. Kuanzia miaka ya 1990 magari yaliyotumika huko, yenye usukani kulia kama wetu, yalikuja kwa wingi na kwa bei ambayo 504 iliyochoka haikuweza kushindana nayo. Leo ukisimama kwenye mataa ya Dar es Salaam utahesabu Toyota IST mpaka uchoke. Nyingi zina injini iitwayo 1NZ, ujazo wa 1,497, na tundu lake ni milimita 75, sawasawa na lile la Peugeot 203 ya mwaka 1948. Nimelipenda sadfa hilo, ingawa halimaanishi kitu. Ni injini nzuri. Inakula mafuta kidogo, na inayotunzwa hutembea umbali ambao mwenye 404 angeusikia kama hadithi. Bloki ni ya alumini, na laina zake za chuma, nyembamba sana, zimemiminiwa humohumo wakati bloki inasubiwa. Hazichomoki, hazizunguki, na hazikukusudiwa kuchimbwa.

Ikichoka, fundi hafungui hedi. Anasema: tafuta injini. Mwenye gari anakwenda Shauri Moyo, Ilala, ambako injini zilizotumika Japani zimepangwa sakafuni, nyaya zimekatwa, midomo imezibwa kwa plastiki. Anachomoa kijiti, anatazama rangi ya oili iliyobaki, ananusa, anapatana bei. Kesho yake gari linatembea. Mara nyingi inamgharimu chini ya ovaholi ya kweli, na hakuna hoja ya kumshawishi afanye vinginevyo. Fundi kijana aliyeanza kazi miaka 10 iliyopita anaweza kuwa amebadilisha injini mia asiwahi kupima pengo la ringi hata moja.

Upimaji wenyewe umehamia vijijini. Mashine nyingi za kusaga nafaka zisizotumia umeme huendeshwa na injini za dizeli za silinda moja kutoka China, na zile za aina ya S195 zina laina inayochomoka, inayozungukwa na maji, tundu la milimita 95. Seti yake inauzwa dukani wilayani ndani ya boksi la karatasi ngumu: laina, pistoni, pini, ringi, mipira miwili ya kuzuia maji. Fundi anakuja kwa baiskeli na spana zake kwenye kiroba. Anafungua, anaigonga laina kwa kipande cha mti, anaipangusa, anaielekeza kwenye mwanga wa mlangoni na kuichungulia kama darubini. Kisha anaingiza ringi na kupima. Nje wanawake wamepanga madebe yao ya mahindi, na aliye mbele anamuuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujua jibu, kama leo watasaga au warudi kesho. "Subiri kidogo, mama," anasema bila kugeuka, na anaizungusha laina robo duara.